Sheikh al-Amin Mazrui, mhariri aliyeukanya mji wake

Ilipoingia miaka ya 1930, Afrika Mashariki haikuwa na upungufu wa magazeti. African Standard, lililoanzishwa Mombasa na A. M. Jeevanjee mwaka 1902, lilikuwa limeshauzwa, likabadilishwa jina kuwa East African Standard na kuhamia Nairobi kuwatumikia walowezi. Serikali ya Tanganyika ilikuwa ikichapa Mambo Leo tangu 1923. Wakikuyu walikuwa na Muigwithania tangu 1928, likihaririwa na Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Jomo. Waarabu wa Unguja walianzisha Al-Falaq mwaka 1929. Lakini Mwislamu wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliyesoma chuoni na kuandika Kiswahili chake kwa harufi za Kiarabu, hakuwa na gazeti lililomhusu yeye, mtaa wake na dini yake. Mwaka 1930 akalipata. Liliitwa Sahifa, lilikuwa karatasi ndogo ya kila wiki, na mwandishi wake alikuwa mtu ambaye wasomaji walisalimiana naye njiani kila siku: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui.

Historia ya uandishi wa habari katika lugha yetu humtaja mara chache, na inapomtaja humweka upande wa wanazuoni na kumwacha hapo. Uanazuoni wake hauna shaka. Hata hivyo, mtu huyu alikuwa pia mhariri wa mji, labda mhariri wa mji aliye kamili kuliko wote tuliowahi kuwa nao pwani, na maisha yake yanaeleza vizuri ni nini kinachompa mhariri wa namna hiyo haki ya kusema.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo ambao jina lake lilikuwa limeandikwa katika kuta za mji. Wamazrui walifika kutoka Oman wakiwa maliwali, na tangu karne ya 18 waliitawala Mombasa kutoka Ngome ya Yesu, wakakataa kuwa chini ya Mabusaidi wa Maskati. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliwavunja, na viongozi wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni katika Ghuba. Waliosalia walitawanyika, baadhi yao Gasi, wengine Takaungu. Mara ya mwisho ukoo huo kushika silaha ilikuwa 1895, wakati Mbaruk bin Rashid alipopigana na Waingereza, mpaka mwaka uliofuata akashindwa na kukimbilia upande wa Wadachi. Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano vita hivyo vilipokuwa vikiendelea. Kwa hiyo alikulia katika nyumba iliyokuwa na kumbukumbu ya dola lakini haikuwa na dola. Dola lilikuwa limekwenda, na elimu ndiyo iliyobaki.

Na elimu yenyewe haikuwa kitu cha kukaa nacho kwa raha. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alisomea Makka kisha akarudi Mombasa kufundisha. Alikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafi, na aliandika kuyapinga mafunzo ya Kiibadhi, madhehebu ya watawala wa Unguja. Sayyid Barghash hakulivumilia hilo, akamtia kifungoni, na Sheikh akawa huru tu baada ya Barghash kufa mwaka 1888. Miaka sita baadaye Sheikh Ali naye akafariki, akimwacha al-Amin na umri wa miaka mitatu. Mtoto hakuwahi kumjua baba yake vya kutosha kumkumbuka, lakini alirithi vitabu vyake, na pamoja na vitabu hivyo alirithi hadithi ya kalamu iliyomfikisha mwenyewe gerezani. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba maandishi yana gharama.

Alilelewa na kufundishwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa kadhi mkuu. Kutoka kwake alipata Kiarabu, fiqhi na nidhamu ya kukaa na kitabu mpaka kiishe. Kisha akavuka kwenda Unguja, ambako katika miaka ile wanafunzi wa pwani nzima walikuwa wakienda kuhitimisha elimu yao. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefundisha Ukutani. Wawili hao walikuwa marafiki wakubwa, na wote walifariki mwaka mmoja, 1925. Waliwafundisha wanafunzi wao kwamba mwanachuoni halazimiki kuishia kwenye kitabu alichokikuta mezani kwa mwalimu wake.

Kitu cha tatu kilichomjenga kilikuja kwa meli. Huko Cairo, tangu 1898, Rashid Rida alikuwa akichapa jarida la al-Manar, na ndani yake fikra za Muhammad Abduh na Jamaluddin al-Afghani zilisambazwa kote walikosoma Kiarabu. Jarida hilo lilifika Unguja na Mombasa. Lilisema kwamba Waislamu walibaki nyuma kwa sababu waliiacha akili, wakakumbatia desturi na kuziita dini, wakaogopa elimu mpya kana kwamba ni ukafiri. Al-Amin alilisoma na kuliamini. Alijifunza humo jambo jingine pia, ambalo hakulikuta darsani: mwanachuoni anaweza kuwa na gazeti. Fatwa humfikia aliyeuliza peke yake. Gazeti humfikia hata yule ambaye hakujua kwamba ana swali.

Sasa tuutazame mji wenyewe, maana bila kuujua huwezi kufahamu kwa nini aliandika alivyoandika. Mombasa ya 1930 ilikuwa na bendera mbili. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa bado ni mali ya Sultani wa Unguja, umekodishwa kwa Waingereza tangu 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ilhali amri zote zilitoka Nairobi. Makao makuu yalihamia huko Nairobi mwaka 1905. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na mashamba makubwa ya pwani, yaliyokuwa yakilimwa kwa jasho la watumwa, yakapoteza wafanyakazi wake. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, na kila shamba likawa karatasi inayoweza kuuzwa. Reli na gati mpya za Kilindini zilileta kazi, lakini kazi hizo zilichukuliwa na waliokuja kuzitafuta kutoka bara na kwingineko, na nafasi za ofisini zikaenda kwa waliosoma shule za misheni. Wenyeji Waislamu waliziogopa shule hizo kwa sababu zilikuja na msalaba. Shule ya serikali kwa watoto wa Kiarabu ilifunguliwa mwaka 1912, lakini wazazi wengi waliona chuo cha Kurani kinatosha. Daraja la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931, magari yalikuwa yakipita kwenye mji ambao wenye nao wa zamani walikuwa wakizidi kusukumwa pembeni.

Juu ya hayo, watu wenyewe waligawanyika. Serikali ilipima haki kwa asili: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, mwenyeji. Aliyehesabiwa Mwarabu alipata kura na heshima fulani. Aliyehesabiwa mwenyeji alikosa. Watu wa Thenashara Taifa, Waswahili wa Mvita na Kilindini ambao ndio wenye mji tangu kale, waliachwa nje ya mlango wa Waarabu, na mwaka 1927 wakaunda chama chao kudai haki. Watu waliokuwa wakiswali safu moja na kuozana wakaanza kutazamana kwa jicho la mashaka.

Katika mji huo ndipo Sheikh al-Amin alipoanza kutoa Sahifa. Aliandika Kiswahili cha Mvita, na hapo mwanzo kwa harufi za Kiarabu. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyoonekana leo. Miaka miwili kabla, 1928, mkutano wa wakubwa wa elimu uliofanyika Mombasa hapo hapo ulikuwa umechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sanifu hiyo iliandikwa kwa herufi za Kizungu. Lakini mama wa Kibokoni aliyepitia chuoni alijua alifu na be, na herufi za Kizungu hakuzijua. Mzee wa barazani hali kadhalika. Aliyetaka kuwafikia hao ilimpasa aandike kwa kalamu wanayoisoma.

Shida ni kwamba kalamu hiyo ilikuwa na mapengo. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, na hakina sauti za p, v, ch wala g yetu. Katika mwandiko wa zamani, be ilisimama mahali pa b, p na hata mb. Fe ikawa f na v. Dhumma ikasomwa u au o. Kwa hiyo "kuku" na "koko" ziliandikwa sawasawa, na "paka" na "baka" vilevile. Katika utenzi hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu msomaji alikuwa ameshausikia ukiimbwa na vina vilimwongoza. Gazeti halina msaada huo. Habari ya wiki hii haijapata kusikiwa na mtu, na neno likisomwa vibaya hakuna wa kulirekebisha. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alikuwa ameanza kazi ya kuziongezea harufi alama za Kiswahili. Sheikh al-Amin aliiendeleza, akaweka alama za kutenga e na i, o na u, na za konsonanti zilizokosekana, na baadaye akazitumia katika vitabu vyake. Nadhani kazi hii peke yake ingetosha kumpa nafasi katika historia ya lugha yetu. Ilikuwa kazi ya mtu aliyemwona msomaji wake usoni kabla ya kuandika.

Je, aliandika nini? Hakuandika ya kuupendeza mji. Makala zake ziliwauliza Waislamu wa pwani, wiki baada ya wiki, kwa nini wameanguka, na jibu lake lilianzia ndani ya nyumba zao. Aliandika juu ya harusi na matanga, juu ya karamu zinazopikwa kwa fedha zisizokuwepo. Kila msomaji alikifahamu anachokisema. Desturi ya kukopa pwani ilijulikana: riba ni haramu, basi mwenye shamba humwuzia mkopeshaji shamba kwa maandishi, kwa sharti kwamba atalikomboa kwa bei ile ile muda ukifika, na kabla ya hapo hulipa kodi ya kukaa katika mali yake mwenyewe. Muda ukipita na fedha hazikupatikana, shamba limekwenda, na kwa sheria ya hati halirudi. Familia ililisha mtaa mzima kwa siku kadhaa ili isemwe vizuri, kisha minazi ya babu ikawa ya mtu mwingine. Sheikh alisema wazi kwamba hiyo si heshima wala si dini. Maneno hayo yaliwauma watu, kwa kuwa alikuwa akiyasema mtu aliyealikwa kwenye karamu hizo hizo.

Aliandika juu ya elimu kuliko jambo lolote. Alitaka watoto wajifunze dini yao kwa kuielewa, na pamoja nayo hesabu, jiografia, ufundi na biashara. Alisema wasichana nao wasomeshwe, kwa hoja ambayo mtu wa Mombasa wa wakati ule asingeweza kuikataa kwa urahisi: mama ndiye mwalimu wa kwanza, na mama asiyejua atafundisha nini? Kuhusu Wazungu alikuwa na msimamo uliowachanganya wengi. Hakuwa akiwachukia kwa jumla, wala hakuwa akiwastaajabia. Alisema Waislamu wameiga kwao vya kuachwa, yaani mavazi, dansi na pombe, na wakaviacha vya kuigwa: bidii, umoja, kutunza wakati, kuipenda nchi yao. Kuhusu desturi za dini alisimama na mafunzo ya al-Manar. Alikemea mambo aliyoona ni bidaa, hasa katika ziara za makaburi na sherehe zilizochukua nafasi ya ibada.

Hapo ndipo alipopata wapinzani wa kweli. Pwani yetu ilikuwa na heshima kubwa kwa masharifu, na msikiti wa Riyadha wa Lamu ulikuwa umeeneza mapenzi ya maulidi kila kijiji. Kwa waumini wengi, kugusa mambo hayo kulikuwa kugusa dini yenyewe. Al-Amin alikuwa katika hali ngumu, kwa kuwa mwalimu wake mpendwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumeit, alikuwa sharifu. Alipinga vitendo bila kuwavunjia watu heshima zao, akabaki Mshafi kama walimu wake, akaendelea kufundisha. Mjadala alioufungua haujaisha hadi leo, na msomaji anaweza kuwa upande wowote katika huo. Ninachotaka tukione ni namna alivyouendesha: kwa jina lake, kwa hoja, mbele ya watu ambao kesho yake angekutana nao msikitini.

Mwaka 1932 alianzisha gazeti la pili, al-Islah, lililochapwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Hili lilikuwa gazeti kamili zaidi, likiangalia pia ulimwengu wa Kiislamu nje ya pwani. Kurasa za Kiarabu zilimpandisha hadhi mbele ya wasomi, lakini ziliwafikia watu wachache kuliko Kiswahili cha Sahifa. Mwaka huo huo serikali ikamteua kuwa Kadhi wa Mombasa. Kazi ya uhariri ikamtoka mikononi, na al-Islah halikuishi muda mrefu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika mpaka alipofariki mwaka 1947.

Wengine watasema serikali ilimnyamazisha kwa cheo. Sidhani mambo yalikuwa mepesi hivyo. Kadhi hukata kesi za ndoa, talaka na mirathi, na mtu aliyekuwa akiandika juu ya wajane na mashamba yanayopotea alipata sasa uwezo wa kuamua nani arithi nini. Hata hivyo ukweli haukwepeki: kadhi wa serikali hawezi kuikosoa serikali kila wiki, na mji uliopata hakimu mwema ulipoteza mhariri wake. Mwenyewe hakuiacha kalamu. Aliandika vitabu vya dini kwa watoto, historia ya ukoo wake kwa Kiarabu, ambayo ilikuja kutolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, na tafsiri ya sura za mwanzo za Kurani ambayo wanafunzi wake waliitoa baada yake. Mwaka 1944 alizikusanya makala za Sahifa katika kitabu alichokiita Uwongozi. Kwa kitabu hicho karatasi za wiki, ambazo kwa kawaida zingeishia kufungia halua, ziliokoka.

Wanafunzi wake ndio waliouendeleza uhariri huo kwa njia nyingine. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu miaka ya mwanzo ya uhuru, alitoa gazeti la Sauti ya Haki. Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, aliyemhesabu kuwa mwalimu wake, alishika ukadhi huo baada ya Muhammad Kassim na mwaka 1969 akatoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili ambayo imo majumbani mwetu hadi leo. Mwana wa Sheikh al-Amin mwenyewe, Ali Mazrui, alikuwa na miaka 14 baba yake alipofariki. Sheikh alitamani kijana huyo aende al-Azhar akawe mwanasheria wa dini. Badala yake akawa profesa wa siasa aliyejulikana dunia nzima. Alipofariki Marekani mwaka 2014 aliletwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo, karibu na Ngome. Aliyoyafanya Ali kwa Kiingereza mbele ya ulimwengu, kuwaambia watu wake na wasio wake mambo wasiyopenda kuyasikia, baba yake aliyafanya kwanza kwa Kimvita mbele ya mtaa.

Sheikh al-Amin alikuwa na mipaka yake. Aliwaandikia Waislamu wa mji, na wafanyakazi wa bara waliokuwa wakibeba mizigo Kilindini hawakuwa wasomaji aliowakusudia. Alihuzunikia kuanguka kwa wenye mashamba; waliokuwa watumwa katika mashamba hayo walikuwa na hesabu nyingine ya miaka ile ile, na hesabu hiyo ilihitaji mwandishi wake. Kuyasema haya hakumpunguzii kitu. Kunatukumbusha kwamba mhariri mmoja, hata awe mwema vipi, huona kutoka dirisha la nyumba yake.

Na nyumba hiyo ndiyo iliyompa nguvu. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Al-Amin alizijua ila za Mombasa kwa kuwa alilala ndani yake, akazisema kwa kuwa aliona kuzificha ni kuuangamiza mji anaoupenda. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Leo tuna redio, magazeti na vituo vya habari kila kaunti na kila mkoa wa pwani, na mitambo ambayo Sheikh asingeiota. Wengi wa wahariri wetu huwasema wa mbali kwa ukali na kuwasifu wa karibu kwa ujira. Kwa wanaoshika kazi hiyo nina ombi moja: kitafuteni Uwongozi mkisome, kisha muandike juu ya mtaa wenu kwa majina yenu, mambo ambayo mtaa unayajua na hakuna anayethubutu kuyaandika. Na sisi wasomaji, mhariri wa namna hiyo akitokea, tusimkimbie pale atakapofika mlangoni kwetu.